Injini Imehama, Jina Limebaki

Kila mwaka kurasa hizi hujaa makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa elimu. Hayo ni mambo ya maana na sina ugomvi nayo. Lakini mwaka huu naomba mniruhusu nizungumzie gari. Tena si matatu wala basi la shule, bali gari la spoti la Wamarekani liitwalo Chevrolet Corvette, hasa kizazi chake cha nane, ambacho kilizinduliwa mwaka 2019.

Najua wapo watakaoguna. "Ala! Habari za injini kwa Kiswahili? Hayo si ya chama cha fizikia?" Jibu langu ni fupi. Lugha ambayo wenyewe huitumia kwa salamu, harusi na matanga tu, halafu wakifika kwenye mashine wanaiacha mlangoni, ni lugha iliyofungiwa nje ya karakana. Na karakana yenyewe haijaifungia! Nenda Grogan kule Nairobi uwasikilize mafundi wakizungumza: klachi, giaboksi, pistoni, gasketi, plagi, breki. Maneno yapo, tena yanafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Sisi wa darasani ndio tunaoyaonea haya.

Basi tuingie kwenye hoja. Maoni yangu ni mawili. La kwanza, Wamarekani walifanya vyema walipoihamisha injini ya Corvette kutoka mbele ya dereva na kuiweka nyuma yake, na wale waliolia kwamba asili imepotea hawakuijua hiyo asili. La pili, mambo yaliyofuata katika kizazi hicho hicho si yote ya kupigiwa makofi, na sisi vijana tunapaswa kuangalia tunachokishangilia.

Tuanze na historia kidogo, maana mkosa historia hana pa kuegemea. Corvette ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza tarehe 17 Januari 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo gari la kwanza lilitoka kiwandani Flint, jimbo la Michigan. Mwaka huo yaliundwa magari 300 tu, yote meupe. Kwa wanaopenda kulinganisha, mwaka 1953 ndio ambao huku kwetu yalianzishwa mashindano tunayoyaita leo Safari Rally. Kwa hiyo Corvette na Safari ni marika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Corvette ya 1953 ilikuwa na injini ya silinda sita, wala si V8 ile ambayo mashabiki huiita roho ya gari hilo. Isitoshe, giaboksi yake ilikuwa ya otomatiki, yenye gia mbili tu! Injini ya V8, yaani ile yenye silinda nane zilizopangwa pande mbili mithili ya herufi V, iliingia mwaka 1955. Gia ya mkono nayo ilikuja baadaye, wala haikuwako siku ya kuzaliwa. Yakumbukeni hayo, tutayahitaji mbele.

Kati ya waliokwenda kuliona gari hilo New York alikuwamo mhandisi mmoja aitwaye Zora Arkus-Duntov. Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1909, na wazazi wake walikuwa Warusi. Alisomea uhandisi Berlin, na Vita Vikuu vya Pili vikamkimbiza hadi Marekani. Aliipenda sura ya Corvette lakini hakupendezwa na yaliyokuwa chini ya boneti. Badala ya kunung'unika pembeni, aliiandikia kampuni barua. Mwaka huo huo wa 1953 akaajiriwa na General Motors, na ndiye baadaye aliyepewa sifa ya kuitwa baba wa Corvette.

Zora alishikilia wazo moja kwa miaka mingi: injini ikae katikati, nyuma ya kiti cha dereva na mbele ya matairi ya nyuma. Mwaka 1960 aliunda gari la majaribio la namna hiyo lililoitwa CERV I, na mwaka 1964 likafuata CERV II. Mwaka 1970 jingine lilionyeshwa New York. Watu walishangilia, magazeti yakaandika, na wakubwa wa kampuni wakasema hapana. Gharama ni kubwa, walisema. Isitoshe, hili la injini mbele linauzwa vizuri, ya nini kulibadilisha? Zora alistaafu mwaka 1975 bila kuliona gari lake. Alifariki mwaka 1996, na majivu yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Corvette lililoko Bowling Green, jimbo la Kentucky, karibu na kiwanda kinachounda magari hayo.

Pengine utauliza, mzee huyu aling'ang'ania nini? Injini ni injini, iwe mbele iwe nyuma, si bora gari liende? La hasha! Muulize mwenye mkokoteni wa kubeba maji au viazi. Akiyapanga magunia yote mbele, mkokoteni unainama na mikono inamuuma. Akiyapanga yote nyuma, mipini inapaa na yeye ananing'inia kama tunda. Lakini akiyaweka karibu na ekseli, mzigo ule ule unakuwa mwepesi, na hata kukata kona kunakuwa rahisi. Hakupunguza gunia hata moja. Amebadilisha mahali tu.

Ndivyo ilivyo kwa gari. Injini ni mzigo mkubwa. Ikikaa puani, gari likifika kwenye kona pua hutaka kuendelea moja kwa moja ilhali dereva anataka kugeuka. Ikikaa katikati, uzito umekaribia kitovu, kwa hiyo gari hugeuka bila ubishi. Kuna faida nyingine. Corvette husukumwa na matairi ya nyuma. Tairi haliwezi kusukuma lisipokandamizwa barabarani vya kutosha; utaliona likizunguka bure na kutoa moshi. Katika kizazi cha nane, kama sehemu 60 kwa mia za uzito ziko nyuma, pale pale nguvu zinapohitajika. Ndiyo sababu gari hilo, likiwa na vifaa vyake vya mbio, liliweza kutoka kusimama hadi kilomita 97 kwa saa kwa muda usiofika sekunde tatu.

Wala wazo hili halikuwa geni duniani. Mwaka 1959 Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One akiendesha gari la Cooper lenye injini nyuma ya dereva. Mwaka 1966 Waitaliano walikuwa na Lamborghini Miura barabarani. Hivyo Wamarekani walijua. Walichokosa ni ujasiri, na mara nyingine fedha. Msisahau kwamba mwaka 2009 General Motors yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kampuni iliyokuwa na zaidi ya miaka 100!

Hatimaye, tarehe 18 Julai 2019, mjini Tustin, California, kizazi cha nane kikafunuliwa, injini ikiwa katikati. Ilikuwa V8 ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 490, au 495 kwa gari lenye vifaa vya mbio. Safari ya kufika kwa wanunuzi haikuwa lelemama. Mwaka huo huo wafanyakazi wa General Motors waligoma kwa siku 40, na uundaji ukasogezwa hadi Februari 2020. Muda mfupi baadaye, korona ikafunga kiwanda. Desemba 2021 kimbunga kikapiga Bowling Green na kukiharibu kiwanda. Lakini magari yakaendelea kutoka.

Bei ndiyo iliyowaacha wengi midomo wazi. Gari la kwanza kabisa la kizazi hiki liliuzwa kuanzia dola 59,995. Si kitu kidogo, najua. Kwetu hizo ni fedha za kujenga nyumba na kubakisha za harusi. Lakini wakati huo Ferrari ya injini ya katikati ilikuwa inazidi dola 250,000. Kwa maneno mengine, jambo lililokuwa la matajiri wakubwa liliteremshwa hadi kwa daktari, fundi hodari au mwalimu mkuu mstaafu wa Kimarekani aliyejiwekea akiba. Na halikusahau ubinadamu: paa linatolewa, mbele kuna nafasi ya begi, nyuma kuna buti linalomeza mizigo ya safari. Hapo ndipo ninapovua kofia. Maendeleo ya kweli ni pale kitu kizuri kinapowafikia watu wengi zaidi.

Sasa tuje kwa walalamishi. Kilio chao kikubwa kilikuwa gia ya mkono. Kizazi cha nane hakina klachi ya kukanyaga wala mti wa gia. Kina giaboksi ya gia nane yenye klachi mbili, inayojibadilisha yenyewe au kwa vidude vilivyo nyuma ya usukani. Nimewasikia hata wenzetu hapa shuleni, ambao leseni bado hawana, wakisema, "Gari bila gia ya mkono? Hiyo si gari, ni kitanda!"

Hebu tuielewe kwanza hiyo giaboksi kabla ya kuitukana. Klachi moja hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Ya pili hushughulikia gia ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Ukiwa kwenye gia ya tatu, ya nne tayari imekwisha shikwa, inangoja tu. Ni kama mbio za kupokezana vijiti: mkimbiaji hodari hangoji amesimama, huanza kukimbia kabla kijiti hakijamfikia, na mabadilishano hayapotezi hata pumzi moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana na mwendo huo.

Walalamishi wakajibu, "Sawa, lakini asili je?" Hapa sasa tukumbuke yale ya 1953. Asili gani? Corvette ya kwanza ilikuwa otomatiki. Corvette ya kwanza haikuwa na V8. Kama tungewasikiliza walinzi wa asili mwaka 1955, hiyo V8 wanayoililia isingeingia. Watu wengi wakisema "asili" huwa wanamaanisha "jinsi nilivyokikuta nilipoanza kukipenda." Hiyo si asili, ni mazoea. Mwacha asili ni mtumwa, kweli. Lakini asiyejua asili ni ipi atamtetea nani?

Tazameni kilichobaki. Mwili wa gari haukuundwa kwa bati la chuma, kama ulivyokuwa wa faibaglasi mwaka 1953. Viti ni viwili vile vile. V8 ya 2020 hufungua vali zake kwa fimbo zinazosukumwa kutoka chini, mtindo ule ule wa V8 ya 1955, ingawa Wazungu wa Ulaya waliucheka kuwa wa kizamani. Injini imehama, jina limebaki, na moyo unadunda vile vile. Hata Kiswahili chetu ni hivyo. Kimepokea meza, shule, baiskeli na kompyuta, lakini bado tunasema "kompyuta yangu imeharibika," ngeli zikiwa imara mahali pake. Neno ni geni, chesi ni ya nyumbani.

Kuna badiliko jingine ambalo huko Marekani halikutajwa sana, lakini sisi linatuhusu. Kizazi cha nane ndicho cha kwanza katika historia ya Corvette kuundwa kiwandani kikiwa na usukani wa kulia, kwa ajili ya Uingereza, Japani na Australia. Kwa zaidi ya miaka 65 gari hilo lilijengwa kana kwamba watu wanaoendesha upande wa kushoto wa barabara hawako duniani. Sheria zetu hapa Kenya zinataka usukani wa kulia. Sisemi kwamba kesho tutaiona moja ikipigania nafasi na matatu pale Muthurwa. Nasema tu kwamba aliyeketi mezani kuchora gari alikumbuka kuna wengine, na kukumbukwa si jambo dogo.

Mpaka hapo nimesifu. Sasa niseme lililo moyoni, hata kama nitawaudhi mashabiki wa nguvu.

Baada ya gari la kwanza walikuja ndugu zake. Mwaka 2021 ilifunuliwa Z06, yenye V8 mpya ya lita 5.5, isiyosaidiwa na tabo, inayotoa nguvu za farasi 670 na kuzunguka hadi mara 8,600 kwa dakika. Ni injini iliyotoka katika mbio, na fundi yeyote ataiheshimu. Januari 2023, miaka 70 kamili tangu ile siku ya Waldorf-Astoria, ikaja E-Ray. Hii ina injini ya petroli inayosukuma matairi ya nyuma na mota ya umeme inayosukuma ya mbele, jumla nguvu 655. Ni Corvette ya kwanza kusukumwa na matairi yote manne. Huichomeki ukutani, betri yake hujijaza gari linapopunguza mwendo, nguvu ambayo zamani ilipotea bure kwa joto la breki. Hiyo naipenda. Ni akili, si misuli.

Lakini Julai 2024 ikatokea ZR1, tabo mbili, nguvu 1,064. Mwaka huo huo ilikimbizwa katika uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, ikafika maili 233 kwa saa, yaani kama kilomita 375. Hata vumbi halijatulia, Juni 2025 ikatangazwa ZR1X: nguvu 1,250. Kutoka 495 hadi 1,250 katika kizazi kimoja! Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu. Bei nayo haikubaki nyuma. ZR1 inapita dola 170,000 na ZR1X inapita 200,000.

Nauliza, jamani, kwa barabara ipi? Huko huko Marekani barabara yenye kikomo cha juu kabisa iko Texas, maili 85 kwa saa, kama kilomita 137. Hapa kwetu gari dogo kwenye barabara kuu haliruhusiwi kupita kilomita 110. Mtu anauziwa mwendo ambao hana mahali halali pa kuutumia, isipokuwa akodishe uwanja wa mbio. Amenunua jahazi la kuweka ndani ya karo.

Wapo watakaonijibu kwamba magari makali ndiyo yanayowafunza wahandisi, na kwamba yanayogunduliwa juu hushuka chini baadaye. Nakubali, kwa kiasi. Breki bora na matairi bora yameshuka hivyo. Lakini angalieni mwelekeo. Mwaka 2020 sifa ya Corvette ilikuwa kwamba imekileta cha juu chini. Miaka mitano baadaye sifa yake ni kwamba imepanda juu ikawaacha wale wale iliowafuata. Gari lililoanza kwa kuuliza "Nani bado hajafikiwa?" limeishia kuuliza "Nani bado hajashindwa?" Maswali hayo si ndugu.

Mnaweza kusema, hayo ni ya Wamarekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Tembeeni mabwenini muone picha zilizobandikwa ukutani. Kila picha ni mwendo, kila hadithi ni "ilivuta ngapi." Wengi wetu tunatoka nyumbani ambako gari la kwanza tutakaloendesha ni la kazi: probox ya mjomba, pikapu ya maziwa au bodaboda. Tutaingia barabarani na vichwa vilivyofunzwa kwamba anayepita wengine ndiye dereva. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 katika nchi yetu. Hawakuuawa na Corvette, la. Lakini kuabudu mwendo kumo katika hesabu hiyo, na ibada hiyo huanza na kile tunachokipigia makofi tukiwa na umri wa miaka kumi na sita.

Kwa hiyo simwambii mtu ang'oe picha yake ukutani. Namwambia ajifunze kuisoma. Ukiiona Corvette ya kizazi cha nane, usiulize kwanza inakwenda kasi gani. Uliza kwa nini injini iko pale ilipo. Uliza klachi ya pili inafanya nini wakati ya kwanza inafanya kazi. Uliza nani aliwaza jambo hilo, na kwa nini lilikawia tangu 1960 hadi 2019. Ukijua majibu, utakuwa umepata kitu ambacho hakihitaji dola 59,995 wala leseni.

Na kwa walimu wetu, nina ombi moja kwa heshima. Mwanafunzi anayefungua redio mbovu ili aione ndani, au anayebishana juu ya gia wakati wa mapumziko, msimwone kuwa mpotezaji wa wakati. Wazo la Zora lilikataliwa na watu waliokuwa na sababu nzuri: gharama, mazoea, soko. Sababu zao zote zilikuwa za kweli na bado walikosea. Pengine katika shule hii yumo mwenye wazo linalosubiri mtu mmoja tu amwambie, "Hebu lichore tulione."

Asiyekubaliana nami ana nafasi toleo lijalo. Aje na hoja, aje na tarakimu, na aje kwa Kiswahili.